Kuchagua na kujenga jiko la matofali la nje, Mtwara na Lindi: mwongozo kamili

Ukimwita fundi leo ukamwambia akujengee jiko la nje la matofali, atalijenga. Ila atajenga alilolizoea: meza ya bloku, matundu mawili juu, mdomo mpana mbele, lipu ya saruji safi, na rangi ukitaka. Siku ya kwanza linapendeza. Mwezi wa pili lipu imepasuka, masizi yamefika kwenye kenchi, na mama mwenye jiko amerudi kwenye mafiga yake pembeni kwa sababu maji yanachemka haraka huko. Fundi hana kosa kubwa. Anajua ukuta, na jiko ni kazi nyingine kabisa.

Jiko la matofali huchaguliwa kwa mambo mawili: sufuria unayopikia na muda ambao moto unakaa umewaka. Mengine yote, hata sura yake, yanafuata hapo. Sababu ni uzito. Kupandisha joto la kilo 200 za matofali kwa nyuzi 100 kunakula nishati karibu sawa na iliyomo kwenye kilo nzima ya kuni kavu, na hapo sufuria haijapata kitu. Katika nchi za baridi kama Finland na Urusi wanajenga majiko mazito makusudi, tofali linywe moto jioni na kuutoa usiku kucha nyumba ipate joto. Lindi hakuna anayetaka ukuta wa moto saa nne usiku. Kwa hiyo ukiona picha ya jiko zito la kupendeza kutoka huko, ipende kama picha.

Hatua ya 1: Hesabu sufuria, hesabu saa

Kabla ya kununua tofali hata moja, kaa na anayepika, si na anayelipa tu. Muulize: sufuria ipi hukaa motoni kila siku? Ipime kitako chake kwa futi kamba. Namba iliyoandikwa kwenye sufuria isikudanganye, viwanda havilingani. Kisha muulize moto unawashwa saa ngapi na unazimwa saa ngapi.

Nyumba nyingi huku moto wake ni wa vipandevipande: chai au uji asubuhi, ugali wa muhogo na samaki mchana, jioni tena kidogo. Ukijumlisha haufiki saa nne, na katikati jiko linapoa. Nyumba kama hii inahitaji jiko jepesi ndani, linaloshika moto mara moja. Mama lishe ni habari nyingine. Anawasha alfajiri kwa ajili ya chapati na supu, anazima baada ya wateja wa mchana. Jiko lake likishapata moto linabaki na moto, hivyo uzito wa tofali haumuumizi sana. Na anayeoka mikate au skonzi anautaka huo uzito, kwa sababu ndio unaooka.

Yupo pia anayetaka jiko kubwa kwa ajili ya shughuli: unyago, harusi, matanga. Huyo ushauri wake ni mfupi: usijenge. Panga matofali makavu bila udongo, umbo la herufi U, kimo cha mistari mitatu au minne, sufuria ya lita hamsini ikae juu ya nondo nene mbili. Shughuli ikiisha yabomoe uyapange ukutani. Jiko la shughuli lililojengwa moja kwa moja linageuka makazi ya kuku miezi kumi ya mwaka.

Kama unapikia shule, kambi au taasisi nyingine, simama kwanza. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kumwaga pesa kwenye jiko kubwa la kuni la taasisi sasa hivi ni kununua ugomvi na afisa mazingira. Na kwa mtu wa nyumbani mwenye mtungi wa gesi, chai ya asubuhi ipikwe kwenye gesi. Jiko la matofali libaki la maharage, muhogo, kande na vyote vinavyokaa motoni muda mrefu.

Hatua ya 2: Chagua aina

Ya kwanza ni mafiga yaliyozungushiwa ukuta. Mafiga matatu yanabaki pale pale, unayazungushia ukuta mdogo wa matofali unaopanda mpaka robo tatu ya kimo cha sufuria, na nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya ukuta na sufuria. Mbele unaacha mdomo. Upepo unakatwa, na moto unalazimika kulamba ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Kwa mwenye pesa kidogo, hapa ndipo pa kuanzia, na kuna nyumba hazihitaji zaidi ya hapo. Ubaya wake ni kwamba linakubali sufuria ya ukubwa mmoja tu, na moshi haukomi.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi: jiko la tundu moja lenye koo refu, lile watu wanaloliita roketi. Kanuni zake zilipangwa miaka ya 1980 na Mmarekani Larry Winiarski katika kituo cha Aprovecho kule Oregon, na zinatekelezeka kwa matofali ya Masasi bila shida. Kuni zinaingia chini kwa ncha tu, hewa inapita chini yake, na moto unapanda kwenye koo jembamba lililofunikwa pande zote na kitu kisichopitisha joto. Moshi unaungua humohumo kabla haujafika kwenye sufuria. Likijengwa sawasawa unaona ncha za moto juu na moshi mwembamba tu, na masikio yanasikia mvumo.

Uzuri wake kwa huku kwetu ni kwamba tofali la kawaida la kuchoma linatoa kipimo chenyewe. Chukua matofali manne ya sentimita 23 kwa 11. Yapange kwa kuzungushana, kichwa cha kila moja kikigusa ubavu wa mwenzake. Katikati linabaki tundu la mraba la sentimita 12 kwa 12, na hilo ndilo koo la jiko la familia ya watu watano mpaka wanane. Panda mistari mitano hivyo hivyo, karibu sentimita 40, umepata kimo kinachotakiwa, yaani mara tatu ya upana wa tundu na ziada kidogo. Tofali la kwenu likiwa na vipimo vingine, toa upana kwenye urefu: jibu ndilo tundu.

Ya tatu ni jiko la matundu mawili lenye dohani. Watu wanalipenda kwa sababu linaonekana la kisasa. Ukweli wake ni huu: tundu la kwanza linapika, la pili linapasha. Moto ukifika kwenye sufuria ya pili umeshachoka, kwa hiyo weka hapo maji ya kuoga au mboga iliyokwisha kuiva. Sababu nzuri ya kulichagua ni moshi, hasa kama banda lina ukuta pande tatu au kuna mtoto mgongoni mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na banda lililozibwa si nje tena, hata kama liko uani. Kumbuka dohani ya matofali manne manne yenye kimo cha mita 2.2 inakula matofali kama 110 na uzito wake ni kilo mia tatu hivi, kwa hiyo msingi wake si wa mzaha.

Ya nne ni tanuri la mkate. Hili ni kuba, kipenyo cha ndani sentimita 80 hadi 90, kimo cha ndani 40 hadi 45. Kipimo kimoja usikibadilishe: mlango uwe asilimia 63 hivi ya kimo cha kuba, yaani kuba la sentimita 40 mlango wa 25, kuba la 45 mlango wa 28. Mlango ukiwa mrefu zaidi joto linakimbia. Ukiwa mfupi mno, moto unakosa pumzi na kuba linajaa moshi. Sakafu yake ikae juu ya sentimita kumi za majivu makavu au chupa tupu zilizolazwa kwenye udongo. Unawasha moto ndani kwa saa moja na nusu au mbili, unakokota makaa, unafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji, kisha unanyunyiza unga kidogo. Ukiwa mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mikate. Usimruhusu mtu akushawishi tanuri na jiko la kupikia viwe kitu kimoja. Kimoja kinataka uzito, kingine kinaukataa.

Hatua ya 3: Mahali na upepo

Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Oktoba, ikitoka kusini mashariki. Kaskazi huchukua Novemba mpaka Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake, na hiyo ni bahati, kwa sababu ukuta mmoja unatosha: jenga kikuta cha kimo cha kifua mashariki mwa jiko. Mpishi akae kusini mwa jiko akitazama kaskazini, mashariki ikiwa mkono wake wa kulia. Kwa miezi ya kusi, ambayo ndiyo mingi, moshi utamkimbia. Kwenye kaskazi ataupata kidogo, na kile kikuta kitamsaidia.

Hayo ni ya mahali pa wazi. Nyumba ya jirani, mwembe mkubwa au korongo hugeuza upepo. Nenda uani saa ile ile ya kupika, choma kuti moja bichi, tazama moshi unakwenda wapi, kisha rudia jioni. Nilikaa siku moja kwenye banda la mama lishe mmoja Mikindani, mdomo wa jiko umeelekezwa baharini moja kwa moja. Kila upepo ulipoongezeka moto ulirudi nje kupitia mdomoni ukamlamba kanga, naye bila kukatiza stori akavuta mguu, akaupiga moto kwa mwiko, akaendelea kusonga. Juu ya kichwa chake makuti yalikuwa meusi ya kung'aa kwa masizi. Cheche moja ya kumbi la nazi ingetosha.

Hivyo basi, juu ya jiko pawe na bati, si makuti, na bati hilo lizidi jiko kwa mita moja kila upande. Dohani isitobolewe kwenye makuti kwa hali yoyote. Kichwa chake kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, vinginevyo upepo utaurudisha moshi chini.

Msingi: kwenye mchanga wa pwani chimba sentimita 30, shindilia, mwaga kokoto, kisha zege la sentimita 10. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba zaidi na ujaze changarawe. Sakafu ya jiko iinuke angalau sentimita 15 juu ya uwanja, maji ya mvua yasiingie kwenye majivu.

Hatua ya 4: Vifaa

Ukanda wa pwani bloku za saruji ndizo zimejaa, na kwa meza ya chini zinafaa kabisa. Mwiko wake ni mmoja: saruji isiguse moto. Ikipata nyuzi mia nne na kuendelea inapoteza nguvu, inageuka vumbi, na ndiyo maana lipu ya saruji kwenye mdomo wa jiko huporomoka. Bloku chini, tofali la kuchoma kwenye koo.

Tofali zuri ukiligonga na mwenzake linalia kama kengele. Likilia butu, halijaiva. Livunje moja: ndani rangi iwe sawa, bila kiini cheusi. Liloweke usiku kucha. Likiwa linamumunyuka asubuhi, muuzaji mshukuru uende kwingine.

Mawe ya matumbawe usiyaweke karibu na moto. Ni chokaa tupu, na mafundi wa zamani wa Kilwa na Mikindani walipata chokaa yao kwa kuyachoma hayo hayo juu ya magogo. Jiko lako litafanya kazi ile ile, taratibu, mpaka siku mvua itakapopiga na jiwe limumunyuke. Tena ukiwa Msimbati na vijiji vya jirani uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, si pa kuchimba mawe ovyo. Mawe ya mtoni nayo yaache. Yana maji ndani, na yakipata moto yanaweza kulipuka. Mawe magumu ya vilima vya Masasi ni mazuri kwa msingi, basi.

Udongo wa kujengea: kichuguu. Twanga, chekecha, loweka usiku mmoja. Changanya sehemu moja kwa mbili au tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi, unavuta unyevu na kula chuma. Kabla ya kujenga, tengeneza vitumbua vidogo vya michanganyiko mitatu tofauti, vikaushe kivulini siku tatu. Kilichopasuka kina udongo mwingi, kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi. Tumia kilichobaki. Juu ya nyanda za Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ni bei, majaribio haya ya vitumbua yanakuokolea maji pia.

Kizuia joto: majivu ya kuni, makavu, yaliyochekechwa. Haya ndiyo siri ya jiko la roketi, na ndiyo mafundi huyaruka na kujaza kifusi au zege badala yake. Kifusi kinakunywa moto. Jiko la vipimo nitakavyovitoa hapa chini linameza lita 54 hivi, yaani takriban debe tatu, kwa hiyo anza kuyakusanya miezi miwili kabla, kwenye gunia lisilopata mvua. Pungufu lijaze kwa pumba za mpunga zilizochomwa zikawa jivu. Ukimpata mfinyanzi, kuna bora zaidi: mwambie akufinyangie koo la udongo uliochanganywa na vumbi la mbao kiasi sawa kwa ujazo, alichome. Vumbi linaungua, linaacha vitundu, na koo linakuwa jepesi.

Chuma: nondo za milimita 12 kwa chanja, yaani kitanda cha kulazia kuni mdomoni mwa jiko. Usizikaze kwenye udongo. Nondo ya sentimita 30 ikiiva nyekundu hurefuka milimita mbili na zaidi, na ikikosa pa kwenda inapasua ukuta. Iachie nafasi ya kidole kila upande.

Hatua ya 5: Kimo

Hapa majiko mengi ya nje yanaharibika na hakuna anayelizungumzia. Meza ya sentimita 80, ya kupikia umesimama kama zile za kwenye picha, ni nzuri kwa chai. Weka sufuria ya kimo cha sentimita 25 juu yake, ukingo unafika 105, halafu umwambie mtu asonge ugali wa muhogo wa watu wanane. Mabega hayawezi. Muhogo unataka nguvu ya mwili mzima kutoka juu.

Pima kiwiko cha mpishi akiwa amesimama. Ukingo wa sufuria uwe chini ya kiwiko kwa sentimita 20 hivi. Kiwiko kikiwa mita moja na sufuria ni ya 25, uso wa jiko uwe sentimita 55. Anayesonga akiwa ameketi kwenye kigoda, uso uwe 35 hadi 40, na hapo koo la mistari mitano linakaa moja kwa moja juu ya sakafu bila meza. Fundi atalalamika kwamba ni fupi. Mjibu kwa upole, "Fundi, wewe jenga, anayesonga ni mimi."

Hatua ya 6: Kujenga jiko la tundu moja

Wakati kwanza. Pesa ya korosho huanza kuonekana mnada ukishashika kasi, Novemba na Desemba, na mvua za kwanza zinakuja nayo. Watu wanajenga jiko la udongo katikati ya unyevu, halikauki, wanawasha moto mkubwa, linapasuka. Nunua matofali kwa pesa ya korosho, yafunike kwa turubai, jenga Julai hadi Septemba.

Nje jiko liwe mraba wa sentimita 72. Ukuta wa nje wa tofali la kulala una unene wa 11, kwa hiyo ndani inabaki 50. Koo lako la matofali manne lina upana wa nje wa 34. Kati yake na ukuta kunabaki sentimita 8 kila upande, ambazo ni za majivu. Matofali 50 yanatosha ukuta, 18 koo, nunua 85 kwa sababu mengine yatavunjika njiani.

Yaloweke matofali kabla ya kuyalaza, tofali kavu linanyonya maji ya udongo na kiungo kinakuwa vumbi. Viungo viwe vyembamba, nusu sentimita. Weka mstari wa kwanza wa koo na wa ukuta pamoja, tumia pimamaji. Kwenye mistari miwili ya kwanza ruka tofali moja upande wa mpishi, koo na ukuta vyote: huo ndio mdomo. Kuunganisha mdomo wa koo na wa ukuta, simamisha vipande vya tofali kila upande na funika juu kwa kipande kingine, majivu yasimwagikie ndani. Kwenye mdomo, sentimita tano juu ya sakafu, laza chanja ya nondo. Kuni zinakaa juu yake, hewa inaingia chini. Mpishi lazima aelewe hili: chini ya chanja hapawekwi kuni, hata siku ya haraka.

Kila mistari miwili ukipanda, jaza majivu na uyagongegonge bila kuyashindilia. Mstari wa tano ukimalizika, funika majivu kwa tabaka la udongo la sentimita tatu.

Sasa viti vya sufuria, vitatu, vya udongo mgumu au vipande vya nondo. Kitako cha sufuria kikae sentimita 3 juu ya tundu. Namba hiyo haikuokotwa: tundu la 12 kwa 12 lina eneo la sentimita za mraba 144, mzingo wake ni 48, na ukigawa unapata 3, yaani moto unatoka kwa upana ule ule uliopandia. Pungufu ya hapo moto unabanwa na moshi unarudi mdomoni. Zaidi ya hapo joto linapotea pembeni. Ukipenda zungusha ukosi wa bati kuzunguka sufuria, nafasi ya sentimita moja na nusu.

Lipu ya nje iwe ya udongo na mchanga, na kinyesi cha ng'ombe au majani makavu yaliyokatwakatwa ili isipasuke. Chokaa ya kupaka juu ni ruksa.

Hatua ya 7: Kukausha

Wiki mbili kivulini bila moto. Wiki tatu kama kuna ukungu wa asubuhi au uko karibu kabisa na bahari. Halafu moto wa vijiti vichache kwa nusu saa, kesho yake saa moja, keshokutwa zaidi, mpaka wiki iishe. Ukiona mvuke unatoka ukutani, punguza. Mvuke uliokosa njia ndio unaopasua jiko, na ufa wa namna hiyo huanzia ndani usikokuona.

Hatua ya 8: Lipime

Usisikilize "linawaka vizuri". Chukua maji lita tano, pima kuni kavu kilo moja kwenye mzani wa dukani, chemsha, kisha pima zilizobaki na uzime makaa. Kuyatoa maji hayo kwenye joto la kawaida la huku, nyuzi 28, hadi kuchemka kunahitaji nishati iliyomo kwenye gramu mia moja hivi za kuni kavu kama kusingepotea chochote. Mafiga ya wazi hula gramu 600 hadi 900. Jiko lako la koo likila 300 hadi 450 limefuzu. Likikaribia mafiga, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: kuni mbichi, nafasi ya chini ya sufuria, kisha majivu yaliyoloa.

Fanya jaribio mara ya pili jiko likiwa bado na moto wa la kwanza. Tofauti ya majaribio hayo mawili ndiyo gharama unayolipa kila asubuhi kwa uzito wa matofali yako.

Kuni

Matawi ya mkorosho yaliyopogolewa baada ya mavuno, yakapasuliwa na kukaa juani miezi ya kiangazi, yanatosha nyumba nyingi. Mwembe nao unafaa. Vifuu vya nazi vinatoa moto mkali wa kukaangia, makumbi ni ya kuwashia. Kuni mbili kavu zikigongana zinalia kali, na ncha zake zina nyufa.

Maganda ya korosho usiyachome jikoni. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Waliowahi kusimama karibu na wabanguaji wa kienyeji hawahitaji kuelezwa. Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali. Mbao za majahazi yaliyovunjika zina rangi na chumvi, zinatoa moshi wa sumu na kula chanja.

Matunzo

Majivu ya chini ya chanja yatolewe kila siku kabla ya kuwasha, na mazuri yawekwe akiba ya ukarabati. Ufa mwembamba kuliko kucha kwenye lipu ya nje ni wa kawaida, upake udongo mwepesi. Ufa kwenye koo unaopitisha majivu ndani uzibwe siku hiyo hiyo, la sivyo debe zako tatu zitaishia kwenye chanja. Ukuta wa nje ukianza kuwa wa moto kuliko ulivyokuwa mwanzo, majivu yameshuka au yamelowa: toboa tabaka la juu, yakague, jaza makavu, funika tena. Tofali la koo lililo mkabala na mdomo ndilo huliwa kwanza. Mwambie fundi tangu mwanzo asilifungie na ukuta wa nje, ili siku ya kulibadilisha utoe hilo moja tu.